Wa Mwisho Abebe Wavu

Darasa zima lilikuwa limeshamaliza, limesimama kwenye mstari wa chokaa, na mtoto mmoja alikuwa bado anahangaika katikati ya koni. Koni zilikuwa kumi. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza: kokota mpira, zunguka kila koni, fika mwisho, geuka, rudi. Mara nne. Mtoto yule alikuwa kwenye mara ya tatu, na mpira ulikuwa unamtangulia kama mbuzi aliyekata kamba.

Wenzake wakaanza kupiga makofi. Yalikuwa makofi ya polepole, pa, pa, pa, ambayo mwalimu wa michezo aliyaanzisha mwenyewe miaka kadhaa nyuma ili kumtia moyo anayebaki nyuma. Nia ilikuwa nzuri. Lakini watoto wa miaka kumi na mitatu waliyatia chumvi yao, na sasa anayepigiwa makofi yale alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mwalimu, naomba kupumzika," mtoto alisema alipofika karibu.

"Wenzako walipumzika?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi malizia. Ukimaliza, beba wavu."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kipindi: wa mwisho abebe wavu. Ndani ya wavu kulikuwa na mipira kumi na minne, na stoo ilikuwa juu, nyuma ya ofisi ya walimu, ngazi thelathini na moja kutoka uwanjani. Wengine walikimbilia bombani kunywa maji. Aliyebeba wavu alipanda peke yake, na akishuka anakuta bomba limefungwa na kipindi cha hisabati kimeanza. Mwalimu wa hisabati hakuwa mtu wa kumruhusu mchelewaji aketi. Mtoto huyu alikuwa amebeba wavu wiki saba mfululizo, na wiki zote saba alikuwa amesoma hisabati akiwa amesimama mlangoni, daftari kaliegemeza ukutani.

Kilicholifurahisha darasa zaidi ni kwamba mtoto mwenyewe alikuwa binti wa mwalimu wa michezo.

Nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo. Kaka zake wawili walikuwa wameshaondoka kwenda kujitafutia. Shuleni mama yake alimwita kwa jina la kwenye rejista, na yeye alimwita mama yake Mwalimu. Waliafikiana hivyo siku ya kwanza, getini.

"Ukivuka hapa, mimi si mama yako," mama alisema, "na wewe si mwanangu. Sitaki mtu aseme nakubeba." Aliyasema hayo huku akimfunga kifungo cha juu cha shati.

Maneno alikuwa ameshayasikia ya kumtosha. Alipopewa kipindi cha mpira, walimu wenzake wa kiume walimuuliza kama sasa watoto watafundishwa kuruka kamba. Yeye alikuwa winga wa kulia enzi zake, mpaka goti likamstaafisha, na hakuona haja ya kujieleza kwa watu ambao hawajapiga danadana tatu maishani mwao. Alivaa filimbi shingoni, akachora mistari ya chokaa, akahakikisha hakuna anayesinzia kwenye kipindi chake. Halafu binti yake akaingia darasa lile, na watu wakakaa tayari kuona.

Jumapili jioni, jua likiwa bado halijazama, baba yake Kitinda alikuwa amekaa kwenye kizingiti na viatu vya nyumba nzima mbele yake. Alikuwa fundi viatu. Siku sita alitengeneza vya watu kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya ujenzi, na siku ya saba alitengeneza vya kwao. Alivigeuza kimoja kimoja, akavitazama soli kwa makini, kama wengine wanavyotazama gazeti.

"Mama Kitinda, hebu njoo uone."

Mwalimu alitoka na mikono yenye povu la sabuni.

"Soli ya Kitinda imekwisha mbele," mumewe alisema. "Hapa, kwenye ncha. Kiraka hiki nimekitia mwezi uliopita, tazama, kimebaki uzi tu."

"Anacheza mpira. Viatu vitaisha."

"Wanaocheza mpira vyao vinaisha pembeni. Na kwenye kisigino, wanapofunga breki. Natengeneza viatu vya nusu ya shule yenu, mama. Huyu anaburuta. Hanyanyui mguu."

"Si ndicho ninachosema siku zote? Mvivu."

"Mvivu viatu vyake haviishi."

Mwalimu aligeuka. Alitazama ndani, ambako Kitinda alikuwa amejilaza kwenye kochi tangu saa tisa, mdomo wazi, mto mmoja chini ya kichwa na miwili chini ya mgongo. Siku hizi alikuwa halali bila kujiinua hivyo. Alisema akilala chali anahisi kama mtu amemkalia kifuani.

"Ingekuwa hajui, ningemwacha," mwalimu alisema, safari hii taratibu. "Lakini anajua. Mtoto yule ana jicho, baba Kitinda. Akisimama na mpira anaona pasi ambayo mimi mwenyewe siioni. Anajua mpira unakwenda wapi kabla haujaenda. Halafu ukimwambia akimbie, hataki. Unafikiri haniudhi?"

Fundi alichovya brashi kwenye gundi. Juu ya kabati, nyuma yao, ilikuwapo ripoti ya muhula uliopita. Kwenye nafasi ya michezo mwalimu alikuwa ameandika neno moja, Hajitumi, na kwenye nafasi ya mzazi, sentimita tano chini yake, fundi alikuwa ametia saini.

Mtafiti alikuja Jumatano na mkoba mweusi na viatu vilivyong'aa mno kwa uwanja ule. Alikuwa kijana wa chuo, mpole, mwenye tabia ya kuomba radhi kabla ya kusema. Mwalimu mkuu alimleta uwanjani mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya hata kwa mkaguzi.

"Anapima uzito wa kazi za mpira darasani," mwalimu mkuu alieleza, akijivuna kidogo kana kwamba wazo lilikuwa lake. "Kazi ipi inamfanyisha mtoto kazi kweli, ipi inamchosha bure. Shule tatu tu zimechaguliwa. Mwalimu, usituangushe."

Mkobani mlikuwa na mikanda kumi ya kufunga kifuani, kila mmoja na namba yake na kidude cha kuhesabu mapigo ya moyo. Mtafiti aliomba watoto kumi, wenye nguvu na wanyonge, mchanganyiko. Mwalimu wa michezo alichagua tisa hodari. Kwa mnyonge akamtoa binti yake, asije mtu akasema kamficha wa kwake.

Wasichana aliwafunga mikanda yeye, kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Mkanda ulitakiwa kuloweshwa kidogo ndipo ushike. Alipofika kwa Kitinda aliona mbavu zake zinavyopanda na kushuka, ingawa mtoto hakuwa ametoka popote zaidi ya darasani. Alidhani ni woga.

"Mama, unabana."

"Nani?"

"Mwalimu. Unabana, Mwalimu."

Alilegeza tundu moja. Namba ya mkanda ilikuwa saba, ile aliyokuwa akiivaa mwenyewe mgongoni zamani, na kwa sekunde moja jambo hilo lilimpendeza.

Kipindi kilikwenda kama kilivyopangwa. Kwanza pasi za wawili wawili, wamesimama. Halafu koni. Halafu watatu kwa watatu kwenye kiboksi kidogo ambamo hakuna pa kujificha, kisha mechi kubwa ya uwanja mzima. Mtafiti alikaa kwenye benchi na kompyuta yake ndogo mapajani, akiandika saa ya kila filimbi. Mechi ilipokwisha aliita watoto warudishe mikanda. Tisa walirudi. Wa kumi alikuwa ameshainama na kujitwika wavu begani, maana sheria ni sheria hata mgeni akiwepo, na hakuna aliyekumbuka kwamba amepanda nao mkanda hadi stoo.

Ijumaa, saa ya chai, mtafiti alifungua kompyuta kwenye meza ya ofisi ya walimu. Walimu walisogeza vikombe. Kwenye kioo kulikuwa na mistari kumi ya rangi kumi, inapanda na kushuka pamoja.

"Pasi za kusimama, samahani, hazina jasho," alisema. "Mapigo mia na ishirini, mia na ishirini na tano. Koni, wastani. Watatu kwa watatu ndiyo kazi. Tazameni, karibu wote wako juu ya mia na themanini. Inashinda hata mechi kubwa, kwa sababu kwenye mechi kubwa kuna watu wanatembea tu wakisubiri mpira uwafuate."

"Kama kwenye kikao cha walimu," mtu alisema, na watu wakacheka.

Mwalimu wa michezo alisimama wima. Ulikuwa mpango wake wa kipindi, na ulikuwa unasifiwa mbele ya watu wale wale wa kuruka kamba.

"Nina swali moja, samahani," mtafiti aliendelea. "Mkanda namba saba. Filimbi ya mwisho ni hapa. Wenzake wote mistari inashuka. Huyu inapanda. Dakika sita nzima inapanda, hadi mia mbili na nne. Ni kazi gani hii ya mpira? Kwenye mpango ulionipa haipo."

Walimu waliinama kutazama. Mstari wa saba ulikuwa wa kijani.

"Hiyo ni kubeba wavu," alisema mwalimu wa hisabati, na alisema kwa utani, kwa kuwa hakujua bado. Wawili watatu walicheka. Kisha wakaona uso wa mtafiti, wakaacha.

"Na hata kabla ya hapo," kijana alisema, sauti ikipungua, "kwenye pasi, wenzake wakiwa mia na ishirini, yeye yuko mia na sitini. Kabla hatujaanza chochote alikuwa mia na kumi na nane, amekaa. Kwa hesabu hizi hakuna mtoto aliyefanya kazi kumzidi huyu. Anacheza timu gani?"

"Hachezi timu," mwalimu wa michezo alisema. "Ni mvivu."

Alijisikia akilisema neno lile. Lilitoka lenyewe, kwa mazoea.

"Mkanda wako mbovu," akaongeza.

"Inawezekana," mtafiti alikubali haraka, akiona pa kutokea. "Ukikauka unadanganya. Jumatano ijayo tubadilishane. Huyu tumpe mwingine, na saba avae mwenye afya zake. Tutajua."

Mwalimu mkuu alisema basi, imekuwa vizuri, na kengele ikagonga.

Nyumbani walikula mapema, taa haijawashwa. Kitinda alichokoa chakula, akaomba ruhusa, akaenda kwenye kochi na mito yake. Ndipo mama yake akamweleza fundi habari za mkanda, kwa sauti ya chini, kama anayeeleza jambo la mtu mwingine.

Fundi aliweka kijiko. "Mpeleke hospitali."

"Nimpeleke kwa sababu ya mkanda? Nikaseme nini? Kuna kijana kaja na mashine yake?"

"Kesho ni Jumamosi. Mimi nafunga, tunakwenda wote."

"Na kama ni mkanda kweli? Nitarudi shule nimetoa mtoto wangu kwenye kipindi kwa sababu kapigiwa makofi. Unajua watasemaje. Wiki moja tu, baba Kitinda. Tukibadilisha mkanda tutajua."

"Mimi najua tayari."

"Unajua viatu."

Maneno yalikaa pale mezani kati ya vyombo. Hakuwa amepanga kuyasema, na hakuyarudisha. Fundi alimtazama mkewe, kisha akatazama mikono yake, ambayo gundi haikutoka kwenye kucha hata kwa mafuta ya taa. Angeweza kugoma. Angeweza kesho yake asubuhi kumshika mtoto mkono na kuondoka naye, wala hakuna ambaye angemzuia. Alichukua kijiko akaendelea kula, na jambo hilo alikuja kulikumbuka kuliko yote, kwamba alikula akamaliza.

Jumatano ya pili Kitinda alifungwa mkanda namba nne. Saba alipewa msichana mmoja ambaye darasa lilimwita Treni, kwa sababu akianza kukimbia usipompisha anakupitia. Mwalimu alilowesha mikanda yote miwili kwa maji mengi, akaikagua mara mbili. Hakutaka mtu aseme imekauka.

Safari hii hakusimama katikati ya uwanja. Alisimama nyuma ya mtafiti, akitazama kioo juu ya bega lake. Namba za kila mkanda zilikuwa zinabadilika hapo hapo.

Kwenye pasi za kusimama, Treni alikuwa mia na kumi na tisa. Namba nne ilikuwa mia na hamsini na nane.

Kwenye koni, Treni alipanda, akamaliza, akashuka taratibu, vizuri kabisa, kama mkanda ulivyotengenezwa ufanye. Mkanda namba saba haukuwa mbovu. Mtafiti aligeuza shingo akamtazama mwalimu, akarudisha macho kwenye kioo.

Hapo mwalimu alikuwa ameshajua. Filimbi ilikuwa mdomoni mwake. Kupuliza filimbi ni pumzi moja, na yeye alikuwa amepuliza maelfu. Lakini bado kulikuwa na watatu kwa watatu, na mechi kubwa, na mwalimu mkuu alikuwa amesimama dirishani kwake na kikombe, na kipindi kina mwanzo na mwisho wake. Aliacha kiendelee. Baadaye watu walipomuuliza, hakuwa na sababu nyingine ya kuwapa zaidi ya hiyo. Hakuhisi kitu chochote. Alikuwa anasoma namba tu, mia na tisini, mia na tisini na tatu, kama zinahusu hali ya hewa ya mji mwingine.

Filimbi ya mwisho ilipolia darasa likapiga kelele kwa furaha: "Wa mwisho abebe wavu!" Hakuna aliyemnyooshea Kitinda kidole. Alikuwa ameshainama mwenyewe, anakusanya mipira.

Alipanda ngazi kumi na mbili. Mama yake alizihesabu. Kwenye ya kumi na tatu alikaa chini, akauweka wavu mapajani, akaegemea ukuta.

"Amekaa," mtafiti alisema. Kisha akasema, "Haishuki." Kisha, akisahau kuomba samahani, "Mwalimu, amekaa na haishuki."

Mia mbili na moja. Mia mbili. Mia mbili na mbili.

"Inuka!" mwalimu aliita.

Sauti ilimtoka kabla hajaitafakari, ile ile ya siku zote, na uwanja mzima uliisikia. Na mtoto, kwa kuwa alikuwa mtoto mtiifu, akajaribu kuinuka. Aliinuka nusu. Wavu ukamponyoka, kamba ikafunguka, na mipira kumi na minne ikaanza kushuka ngazi ikidunda, mmoja juu ya mwingine, mpaka uwanjani. Watoto wakashangilia. Wakaikimbilia, wakaituliza kwa vifua na mapaja kama walivyofundishwa. Treni aliutuliza mmoja kwa mguu wa kushoto, vizuri sana, akageuka kumtazama mwalimu ili asifiwe.

Mwalimu alikuwa ameshawapita wote anapanda ngazi, goti bovu na yote.

Walikaa kwenye benchi la hospitali kwa muda wa saa tatu, wote watatu, fundi akiwa bado na aproni ya kazini. Waliitwa kwenye chumba kidogo chenye kitanda kilichofunikwa mpira wa kijani. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo aliyeonekana kuchoka na siku yake. Alisikiliza kifua cha Kitinda mbele, akasikiliza mgongoni, akarudi mbele akakaa pale muda mrefu, macho kafumba. Akampeleka kwenye mashine ya kupiga picha ya moyo. Waliporudi alivuta kiti.

"Aliwahi kuumwa koo sana? Halafu magoti na viwiko vikavimba?"

"Akiwa na miaka minane," mwalimu alisema. "Alipona."

"Koo lilipona," daktari alisema. "Moyo una milango. Mmoja wa kwake haufungi vizuri tangu wakati huo, na umekuwa ukiharibika polepole. Damu ikisukumwa, nyingine inarudi. Kwa hiyo moyo wake unafanya kazi mara mbili kupeleka kile ambacho wa mwenzake unapeleka mara moja. Hata akiwa amekaa. Hata akiwa amelala."

Fundi aliuliza kama atakufa. Daktari alisema hawajachelewa kabisa kumleta, ingawa wangeweza kumleta mapema zaidi. Kulikuwa na vidonge vya kila siku na sindano ya kila baada ya wiki nne, miaka mingi. Pengine upasuaji baadaye, kwenye hospitali kubwa, ambako kuna foleni. Kukimbia, hapana. Kupanda na mzigo, hapana. Mpira, hapana.

"Mpaka lini?" Kitinda aliuliza.

"Mpira usahau, mwanangu."

Kitinda aliitikia kwa kichwa, kama ameambiwa duka limefungwa. Daktari alikuwa anaandika. Bila kuinua kichwa akauliza, kwa upole, maana lilikuwa swali la kwenye fomu:

"Ulipokuwa unachoka hivyo, ulimwambia mtu?"

"Nilimwambia mwalimu."

"Mwalimu gani?"

"Wa michezo."

"Mara moja?"

"Kila Jumatano."

"Akasemaje?"

Kitinda alifikiri. Hakumtazama mama yake. Hakuwa na nia ya kumuumiza mtu, aliulizwa, akajibu.

"Alisema nimalizie, halafu nibebe wavu."

"Na mama? Mama hukumwambia?"

"Nyumbani nilikuwa nalala tu."

Daktari alitikisa kichwa, akafungua mdomo kusema kitu kuhusu walimu wa siku hizi. Ndipo akainua macho akaona filimbi. Ilikuwa bado inaning'inia kifuani mwa mwalimu, juu ya suti ya michezo, na kamba yake nyekundu. Daktari aliitazama, akafunga mdomo. Akarudi kwenye fomu akaandika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mwalimu alitaka kuivua. Mkono haukunyanyuka. Mwili wote ulikuwa umekufa ganzi, na ganzi hiyo ilimfuata hadi nyumbani, ikamkalia wiki na miezi, ikawa ndiyo hali yake.

Sheria ya wavu ilifutwa bila kutangazwa. Jumatano iliyofuata watoto walisubiri kuona nani wa mwisho, na walipomwona, mwalimu aliinama akajitwika wavu mwenyewe, akapanda ngazi thelathini na moja, akashuka. Akafanya hivyo kila wiki. Darasa lilishangaa mara mbili, mara ya tatu likakimbilia bombani. Makofi nayo yalikufa.

Mtafiti alileta nakala ya ripoti yake. Mwalimu mkuu aliisoma, akaifurahia, akamwomba kijana aondoe mstari mmoja tu, ule uliosema kwamba kazi nzito kuliko zote katika shule ya tatu ilifanyika baada ya kipindi na haikuwa ya mpira. Kijana aliomba samahani, akauondoa.

Kitinda alipewa saa ya kuhesabia dakika na kiti cha plastiki pembeni ya uwanja. Alikaa pale na shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Wiki za mwanzo alitazama saa tu. Halafu siku moja, Treni akiwa na mpira na hajui aupeleke wapi, Kitinda alisema bila kupaza sana sauti, "Mwachie nyuma, kushoto," na Treni akaachia nyuma kushoto bila kutazama, na huko kulikuwa na mtu peke yake. Likawa goli. Wote walimkimbilia mfungaji. Mwalimu alikuwa amesimama mita tatu kutoka kwenye kiti, na pasi ile yeye hakuwa ameiona.

Mwisho wa muhula alikaa mezani na rundo la ripoti. Za wenzake alizimaliza. Ya Kitinda ilibaki wazi mbele yake mpaka wino ukakauka kwenye ncha ya kalamu.

"Mama, unaandika nini?"

"Sijui."

"Andika ile ile."

"Ipi?"

"Hajitumi. Si daktari kasema nisijitume."

Alisema kama mtu anayemsaidia mwenzake kazi, kisha akaenda kumeza vidonge vyake. Mwalimu aliweka kalamu chini. Nafasi ya michezo ikabaki tupu, na fundi akatia saini chini yake hivyo hivyo.

Jumapili hiyo, fundi alikuwa kwenye kizingiti na viatu vya nyumba nzima. Alitengeneza vya kwake. Alishona cha mkewe, ambacho siku hizi kilikuwa kinaisha kwenye kisigino cha upande wa goti zima, kwa kupanda ngazi na mzigo. Kisha akachukua vya Kitinda, akavigeuza. Alivitazama soli muda mrefu.

"Vipi?" mwalimu aliuliza, amesimama mlangoni.

"Vizima."

"Hata mbele?"

"Hata mbele. Kama nimevitia jana."

Mumewe alipitisha kidole gumba kwenye ncha ya soli, ambako kiraka cha miezi mitatu kilikuwa bado na mistari yake ya kiwandani. Katika miaka yote ya ufundi wake hajawahi kuumizwa na kiatu kama alivyoumizwa na vile viatu vizima. Alivipaka dawa ingawa havikuhitaji, akaviweka pembeni sambamba. Kipande cha soli alichokuwa amekwisha kukikata kwa ajili ya viatu hivyo, kama alivyozoea kila mwezi, alikirudisha kwenye sanduku.